Windows XP N: toleo lililozaliwa na sheria likakosa mnunuzi

Nakala 1,787. Hizo ndizo Windows XP N zote zilizokuwa zimeagizwa na watengenezaji na wauzaji wa kompyuta Ulaya nzima kufikia Aprili 2006, kwa hesabu iliyotolewa na Microsoft yenyewe wakati kesi yake ikisikilizwa kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Ndani ya muda huohuo Windows XP ya kawaida ilikuwa imeuzwa huko nakala milioni 35.5. Yaani katika kila nakala laki moja, tano tu ndizo zilizobeba herufi N.

Toleo hilo, Windows isiyo na kicheza sauti na video cha Microsoft, halikuwa jaribio la idara ya masoko lililobuma. Liliamriwa. Nyuma yake kulikuwa na uchunguzi wa miaka mitano na ushei, uamuzi wa kurasa zipatazo 300, na faini ya euro milioni 497.2, kubwa kuliko zote ambazo Tume ya Ulaya ilikuwa imewahi kuitoza kampuni moja kwa kosa la ushindani hadi siku hiyo. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na swali ambalo watu wa kompyuta hatujamaliza kubishana: mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani uje na nini ndani yake, na kipi mtu akajitafutie mwenyewe?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu sijui kingine kilicholijibu swali hilo kwa vitendo namna hii. Ubishi wetu kwa kawaida unaishia mdomoni. Antivairasi iwemo, kivinjari kitolewe, michezo ibaki, na kila mtu anarudi nyumbani na msimamo wake. Ni nadra mtu kupewa nafasi ya kukitoa kitu kweli, kuupeleka mfumo sokoni bila hicho kitu, halafu akaona wanunuzi wanafanya nini. Tume ya Ulaya ilijipa nafasi hiyo. Msimamo wangu niuseme mapema: Tume ililiona kosa vizuri, kisha ikatoa amri ambayo haikuligusa.

Kilichokuwa kinagombewa

Malalamiko ya kwanza hayakuhusu video wala muziki. Desemba 1998 kampuni ya Sun Microsystems ililalamika kwa Tume, Brussels, kwamba Microsoft inaficha taarifa za kiufundi ambazo seva za kampuni nyingine zinazihitaji ili zielewane na kompyuta za Windows maofisini. Tume ikaanza kuchimba hapo. Februari 2000 ikaongeza jambo la pili kwa hiari yake: Windows Media Player, kile kicheza sauti na video.

Jambo hilo lilikuwa na ndugu yake Marekani. Huko Wizara ya Sheria ilikuwa imeishtaki Microsoft tangu Mei 1998 kwa kukifungasha kivinjari cha Internet Explorer pamoja na Windows, na Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson alikuwa ameshaandika kwamba kampuni hiyo ina ukiritimba na imeutumia kuiumiza Netscape, mshindani wake wa vivinjari. Kwa Netscape maji yalikuwa yameshamwagika. Ulaya ikaangalia nani anafuata kwenye foleni, na aliyefuata alikuwa RealNetworks.

Vijana wengi leo hawaijui RealNetworks, lakini ilikuwa na siku zake. Iliasisiwa Seattle na Rob Glaser, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Microsoft kabla ya kuondoka, na mwaka 1995 ilitoa RealAudio. Kabla yake, kusikiliza kitu mtandaoni kulimaanisha kupakua faili nzima kwanza. Kwa modemu ya simu, wimbo mmoja ungekuweka dakika ishirini au zaidi. RealAudio ilicheza huku ikiendelea kupakua. Redio zikaikimbilia, BBC ikiwemo, na waliokuwa ughaibuni miaka ile wakitaka taarifa ya habari bila redio ya masafa mafupi wanaikumbuka RealPlayer na namna ilivyokuwa ikikwamakwama katikati ya sentensi.

Windows ilikuwa na kicheza midia chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, cha kuchezea faili zilizomo ndani ya mashine. Tume haikuwa na ugomvi na hicho. Ugomvi wake ulianza Mei 1999, pale Windows 98 toleo la pili lilipotoka na Media Player inayoweza kutiririsha kutoka mtandaoni, ikiwa imo ndani na haing'oki. Kuanzia hapo, aliyenunua Windows alichukua na hiyo. Na Windows ilikuwa kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta za watu.

Mtu atauliza: si angeweza kusakinisha RealPlayer pembeni? Angeweza. Hakuna aliyezuiwa, na mamilioni walifanya hivyo. Hapo ndipo hoja ya Microsoft ilipokuwa na nguvu, na lazima isemwe kwa haki. Kampuni ilisema kucheza sauti na video ni sehemu ya kawaida ya mfumo endeshi wa kisasa, Apple inakuja na QuickTime, mifumo ya Linux inakuja na vicheza vyake, mbona hao hawaulizwi? Ikasema pia jambo ambalo mwandishi yeyote wa programu atalielewa: Media Player siyo dirisha lenye vitufe tu. Chini yake kuna maktaba za msimbo ambazo programu za watu wengine huziita zinapotaka kutoa sauti au kuonyesha picha. Mwandishi wa kamusi ya kielektroniki anayetaka neno litamkwe haandiki kisimbuzi cha sauti kuanzia sifuri. Anaiomba Windows imfanyie. Ukiziondoa maktaba hizo kwenye baadhi ya mashine, hawezi tena kuwa na uhakika kwamba kitakachofanya kazi kwake kitafanya kazi kwa mteja.

Tume ilijibu kutoka upande ambao mtumiaji wa kawaida haufikirii: upande wa mwenye maudhui. Chukua kituo cha redio. Kinataka kurusha matangazo mtandaoni, na mbele yake kuna miundo mitatu: wa Real, wa Microsoft na wa Apple. Kila muundo ni kazi yake: kusimba upya kila kipindi, kuwa na seva yake, kulipia leseni yake, kuwa na mtu anayejua kuirekebisha ikigoma saa tatu usiku. Kituo chenye fedha kinaweza kumudu miwili. Kituo kidogo kitachagua mmoja, nao utakuwa ule ambao kina hakika upo kwenye kila mashine bila mtu kupakua chochote. Hiyo hakika, Tume ilisema, Microsoft haikuipata kwa ubora wa kicheza chake. Iliipata kwa kukipakia kwenye Windows. Maudhui yakishaufuata muundo huo, watumiaji nao wanayafuata maudhui, na waandishi wa programu wanawafuata watumiaji. Mshindani anaweza kuwa na kicheza kizuri zaidi na bado akafa, bila mtu yeyote kumkataza kitu.

Nimeisoma hoja hii kwa jicho la kutafuta tundu, na bado naiona inasimama. Uhuru wa kusakinisha haukuwa jibu, kwa sababu aliyeamua mwelekeo wa soko hakuwa mtumiaji aliyekaa mbele ya kompyuta. Alikuwa yule aliye upande wa pili, anayeamua afunge mzigo wake kwa muundo gani.

Kuongeza au kuondoa

Machi 2004 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikwenda Brussels kujaribu kuyamaliza nje ya uamuzi. Kampuni ilieleza baadaye kwamba ilikuwa tayari kuweka vicheza midia vitatu vya washindani ndani ya Windows. Kamishna wa Ushindani, Mario Monti, hakuridhika. Alitaka kanuni itakayoongoza na siku zijazo, wala si mapatano ya kicheza midia peke yake, na juu ya hilo hawakuelewana. Tarehe 24 Machi uamuzi ukatoka: faini, amri ya kufungua taarifa za seva, na ndani ya siku 90 kutolewa Windows isiyo na Media Player. Microsoft ingeruhusiwa kuendelea kuuza na ile yenye Media Player. Ilikatazwa tu kuifanya ile isiyo nayo iwe duni kwa makusudi, au kutoa punguzo kwa atakayechukua vyote viwili.

Tulia hapo kidogo. Pendekezo lililokataliwa lilikuwa la kuongeza. Amri iliyotolewa ilikuwa ya kuondoa. Kwa hesabu ya yule mwenye redio, kuongeza kungebadilisha mambo: RealPlayer ingekuwepo kwenye kila mashine mpya, na sababu ya kuchagua muundo wa Microsoft kwa ajili ya uhakika wake ingepungua nguvu. Naelewa woga wa Tume. Nani angechagua hao watatu, na je, wa nne akilalamika? Lakini kuondoa kungesaidia tu kama watengenezaji wa kompyuta wangelichukua toleo pungufu kwa wingi, kisha wakajaza nafasi kwa kicheza cha mtu mwingine. Tume ililitegemea hilo, na ndilo ambalo halikutokea.

Microsoft ilikata rufaa na kuomba amri isimamishwe. Desemba 2004 Jaji Bo Vesterdorf wa mahakama ya Luxembourg akakataa kuisimamisha. Ndipo ikaanza vuta nikuvute ya jina. Microsoft ilitaka toleo liitwe Windows XP Reduced Media Edition, maana yake kwa mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu ikiwa wazi: hii ni ile iliyopunguzwa. Tume ikagoma. Machi 2005 wakakubaliana juu ya herufi moja, N, kwa maana ya kutokuwa na Media Player. Ilibidi pia Microsoft iondoe kwenye boksi maneno ya kumtahadharisha mnunuzi kwamba vitu fulani havitafanya kazi. Barua zilipelekwa na kurudishwa kati ya Redmond, makao ya Microsoft, na Brussels juu ya jina na maandishi ya boksi. Bei haikuguswa.

Na bei ndiyo iliyoua kila kitu. Windows XP N iliuzwa kwa bei ileile ya Windows XP kamili. Tume haikutaka kugeuka mpangaji wa bei, na Microsoft ilikuwa na hesabu nyepesi ya kujitetea: Media Player hatuiuzi, bei yake ni sifuri, ukiondoa sifuri bei inabaki palepale. Mama lishe yeyote angewaambia kitakachofuata. Andika wali maharage elfu mbili, na wali mtupu elfu mbili, halafu usishangae jioni wali mtupu umebaki kwenye sufuria.

Mnunuzi wa dukani, hata hivyo, hakuwa mtu muhimu kwenye hesabu hii. Windows nyingi hazinunuliwi kwa boksi. Zinakuja ndani ya mashine mpya. Aliyetakiwa kuichagua N alikuwa Dell, HP na wenzao. Jiweke kwenye nafasi yao. Faida ya kompyuta moja ni nyembamba, na simu moja ya mteja anayelalamika kwamba video haichezi inaila yote. Ukichukua N, unajiongezea simu hizo. Ukichukua Windows kamili, unaweza bado kusakinisha RealPlayer juu yake na kulipwa na RealNetworks kwa kuiweka mbele ya mteja. Tena tangu mapatano ya kesi ya Marekani, Windows XP yenyewe, kuanzia marekebisho ya Septemba 2002, ilikuwa na sehemu ya kuficha alama za Media Player na kuweka chaguo lingine mbele, ingawa msimbo wake ulibaki chini palepale. N haikuwapa watengenezaji uhuru wowote ambao hawakuwa nao. Iliwapa hasara tu. Hakuna mtengenezaji mkubwa aliyeichukua.

Soko halikusubiri

Hukumu ya Luxembourg ilitoka tarehe 17 Septemba 2007. Majaji kumi na watatu wa Mahakama ya Mwanzo waliikubali hoja ya Tume kuhusu Media Player karibu yote, na faini ikabaki. Mwezi uliofuata Microsoft ikatangaza haitakwenda ngazi ya juu. Kisheria ulikuwa ushindi wa kishindo.

Ila hebu tazama dunia ya siku hiyo. iTunes ilikuwa imeingia Windows tangu Oktoba 2003, na watu walikuwa wanaipakua wenyewe, programu nzito kwelikweli, kwa sababu walikuwa na iPod mfukoni na hakukuwa na njia nyingine rahisi ya kuijaza. YouTube ilikuwa imezaliwa 2005 na kuifanya video ya mtandaoni kuwa jambo la kila siku, na haikutumia muundo wa Real wala wa Microsoft. Ilitumia Flash, programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari. RealNetworks yenyewe ilikuwa imeshaondoka ulingoni: Oktoba 2005 ilikubali dola milioni 761 za mapatano na ikaacha kuisaidia Tume. Sun ilikuwa imeshachukua karibu dola bilioni mbili Aprili 2004, na Novell dola milioni 536 Novemba mwaka huohuo. Walalamikaji walilipwa mmoja baada ya mwingine, kesi ikaendelea bila wao.

Mashabiki wa Microsoft huuchukua ushindi wa iTunes na Flash kama ushahidi kwamba Tume ilikuwa inapigana na kivuli. Mimi naona ni nusu tu ya ukweli. iTunes kweli ilishinda bila kuwemo ndani ya Windows. Flash je? Nakala ya Flash ilikuja ndani ya Windows XP tangu kutoka kwake. YouTube ilipotafuta njia ya kuonyesha video kwa karibu mtu yeyote, ilichagua ile iliyokuwa tayari imo kwenye mashine nyingi. Ni hesabu ileile ya kituo cha redio niliyoieleza juu, safari hii ikimnufaisha asiye Microsoft. Kuwemo kulikuwa na nguvu kama Tume ilivyosema.

Nisiwaonee huruma RealNetworks kupita kiasi, lakini. Aliyeitumia RealPlayer ya miaka ile anakumbuka ilivyojisimika karibu na saa kwenye kona ya skrini, ilivyorusha matangazo, ilivyozifanya faili zote kuwa zake. Januari 2008 kundi la StopBadware liliitia RealPlayer 10.5 kwenye orodha ya programu zisizo na adabu kwa mtumiaji. Mtu akitetea uhuru wa watengenezaji wengine, akumbuke pia kwamba kuna waliojiharibia wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki mgogoro huu ulipita kama mvua ya upande wa pili wa mlima. Fundi akishapiga Windows kwenye mashine, kitu cha pili au cha tatu anachoweka ni kicheza midia cha VLC, haijalishi Media Player imo au haimo. VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale karibu na Paris na ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Haikushinda kesi wala haikupakiwa na mtu. Ilicheza kila kitu ulichokitia, pamoja na filamu zilizochomwa kwenye CD kwa visimbuzi ambavyo Media Player haikuvijua na haikutaka kuvijua. Na tukiwa kwenye mada ya vinavyokuja ndani: Ulaya ikibishana ni kipi kiondolewe, menyu za Kiswahili za Windows XP hazikuwemo kwenye boksi kabisa. Zilikuwa kifurushi cha pembeni cha kupakua. Wangapi waliwahi kuziona?

Kichekesho cha kisa kilikuja 2012. Microsoft, bila jaji wala kamishna, iliondoa uwezo wa kucheza DVD kwenye Windows 8. Sababu ilikuwa ada za leseni za visimbuzi: kwa nini kulipia kila mashine wakati kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la DVD? Aliyetaka aliuziwa kifurushi cha nyongeza. Miaka minane kabla, mawakili wa kampuni walieleza kwamba kucheza midia ni kiungo cha mfumo kisichong'oka. Kinang'oka, kumbe, gharama ikizidi faida.

Nusu ya pili ya uamuzi

Ile nusu nyingine ya uamuzi wa 2004, ya taarifa za seva, haikuandikwa sana magazetini kwa sababu ni kavu. Microsoft ilisuasua kuitekeleza hadi ikatozwa faini nyingine za mamia ya mamilioni, lakini Desemba 2007, miezi mitatu baada ya hukumu, taasisi isiyo ya faida ililipa euro 10,000 mara moja tu na kupewa nyaraka za kiufundi kwa niaba ya Samba, programu huria inayoiwezesha seva ya Linux kuzungumza na kompyuta za Windows. Andrew Tridgell na Jeremy Allison wa Samba walikuwa miongoni mwa waliobaki kwenye kesi baada ya makampuni makubwa kuchukua hundi zao.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Ofisi ndogo yenye seva ya Linux inayohifadhi faili za mashine kumi za Windows inatumia Samba. Vile visanduku vya kuhifadhia faili vinavyouzwa madukani, vingi ndani yake ni Samba. Hakuna kitu kilichoondolewa kwenye Windows ili hayo yawezekane. Kilichofanyika ni kwamba mtu wa nje aliruhusiwa kujua mlango ulipo na unafunguliwaje.

Ndiyo maana nasema amri ya N haikuligusa kosa. Ubaya wa Media Player haukuwa kuwemo kwake. Ubaya ulikuwa kwamba huwezi kuing'oa, na mshindani hakuwa na nafasi sawa ya kufika kwenye mashine. Mambo hayo mawili yangeweza kuamriwa moja kwa moja: kitufe cha kuondoa kwenye kila Windows, si kwenye toleo la pembeni, na fursa kwa washindani kuonekana siku ya kwanza.

Tume ilijifunza hilo polepole. Opera, watengenezaji wa kivinjari kingine, walipolalamika kuhusu Internet Explorer Desemba 2007, Microsoft ilijaribu kuwahi kwa kupendekeza Windows 7 E, ya Ulaya, isiyo na kivinjari kabisa. Safari hii hata Tume haikupendezwa. Mtu asiye na kivinjari atapakuaje kivinjari? Mapatano ya Desemba 2009 yakaleta ukurasa wa kuchagua: vivinjari kumi na viwili, vitano vikubwa mbele, vikipangwa kwa bahati nasibu. Bahati nasibu hiyo nayo ilikuwa na kasoro ya kuchekesha. Mwandishi wa msimbo aliiambia kompyuta ipange orodha, na kila ilipolinganisha vivinjari viwili ijibiwe kwa kubahatisha ni kipi kitangulie. Kanuni za kupanga hutegemea majibu yasiyojipinga. Ukizipa majibu ya ovyo hazichanganyi orodha sawasawa, zinaipendelea nafasi fulani. Walioujaribu ukurasa ndani ya Internet Explorer waligundua kwamba kivinjari hicho kilitua nafasi ya mwisho karibu nusu ya nyakati. Ilirekebishwa upesi. Kasoro ya pili ilikuwa ghali: kati ya Mei 2011 na Julai 2012 ukurasa haukuonekana kabisa kwa watumiaji wapatao milioni 15, na Machi 2013 Microsoft ikatozwa euro milioni 561.

Matoleo ya N hayajafa. Windows 11 inayo, na mengine yanafika huku ndani ya mashine za mitumba kutoka Ulaya. Dalili zake ni hizi: video haichezi kwenye programu za Windows zenyewe, kinasa sauti hakipo, na baadhi ya michezo na programu zinazotegemea kamera au sauti zinagoma bila maelezo ya maana. Kabla hujafuta kila kitu na kupiga upya, angalia jina la toleo kwenye mipangilio. Ukiona N mwishoni, nenda kwenye vipengele vya hiari, ongeza Media Feature Pack, zima na uwashe. Ni bure.

Na kile kitufe kimekuja, miaka ishirini baada ya uamuzi wa Monti. Tangu Machi 2024, kwa sheria ya Ulaya ya masoko ya kidijitali, Windows za Eneo la Kiuchumi la Ulaya zinamruhusu mtumiaji kuiondoa Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, kabisa na kuzima utafutaji wa Bing kwenye menyu ya kuanzia, bila kuhitaji toleo lenye herufi yoyote. Ni mfumo uleule na msimbo uleule. Kinachoamua ni nchi uliyochagua mashine ilipowashwa mara ya kwanza, na kuibadilisha kwa ajili hiyo kunahitaji kuirudisha mashine kwenye hali ya kiwandani. Kwa hiyo laptopu iliyotumika Hamburg inashuka bandarini ikiwa na kitufe cha kuiondoa Edge, na inakipoteza Kariakoo pale fundi anapoisafisha na kuchagua Tanzania.